Visanduku vya Super Bowl: Namba zivutwe karatasi ikishajaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaofanya kazi Marekani, hasa sisi wa zamu za usiku. Mwaka mpya ukiingia tu, kwenye kuta za vyumba vya mapumziko itaanza kubandikwa ile karatasi ya visanduku 100 vya Super Bowl, na watu watapita na kalamu wakikusanya dola tano tano, kumi kumi. Nina neno la kuwaambia kabla hamjafungua pochi. Ukiikuta karatasi ina namba tayari, usilipe. Lipa ile ambayo namba zake bado hazijavutwa.

Naishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa hisabati, darasa la sita na la saba, kwa miaka 11, na mpaka leo wenzangu wanaojua Kiswahili pale kazini wananiita Mwalimu. Ninayoyaeleza hapa nimeyahesabu kwa mkono wangu, kwenye daftari, usiku wazee wakiwa wamelala. Yeyote anaweza kukaa akayahesabu upya.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu: Super Bowl ni fainali ya mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji wenye kofia ngumu. Huchezwa mara moja kwa mwaka, siku hizi ni Jumapili ya Februari, na mchezo una robo nne. Pembeni ya mchezo wenyewe watu huchora jedwali lenye safu mlalo 10 na safu wima 10. Kila mtu ananunua kisanduku na kuandika jina lake ndani. Timu moja inakaa juu, nyingine inakaa ubavuni, na kila safu inapewa tarakimu kuanzia 0 hadi 9. Robo ikiisha, mnaangalia tarakimu ya mwisho ya pointi za kila timu. Kama ni 17 kwa 10, mnatafuta 7 ya timu hii na 0 ya timu ile, na pale safu zinapokutana ndipo lilipo jina la mshindi wa robo hiyo. Huhitaji kuujua mchezo wala kumjua mchezaji hata mmoja. Ndiyo maana hata wageni kama sisi tunakaribishwa, na nakiri kwamba kukaribishwa huko kunafurahisha. Mwaka wangu wa kwanza, karatasi ile ndiyo iliyonifanya nijue majina ya nusu ya wafanyakazi wenzangu.

Sasa nieleze yaliyotokea Februari 2024.

Karatasi ya mwaka huo ilibandikwa kwenye friji ya chumba cha mapumziko siku ya Jumatatu asubuhi. Aliyeiandaa ni mwenzetu wa zamu ya mchana, mtu mwema, na simsemi kwa ubaya kwa sababu hakuiba hata senti. Aliichapa kutoka kwenye intaneti ikiwa imeshapangwa: San Francisco 49ers juu, Kansas City Chiefs ubavuni, na namba 0, 1, 2, 3 hadi 9 zimeshaandikwa pande zote mbili kwa mfuatano kama rula. Kisanduku dola 5. Jumla dola 500: robo ya kwanza 100, mapumziko 100, robo ya tatu 100, mwisho 200.

Zamu ya mchana walikuwa wa kwanza kuiona. Zamu ya jioni wakafuata. Mimi na wenzangu tunaingia saa 5 usiku, na usiku ule nilipokwenda kuweka chakula changu kwenye friji nilisimama mbele ya karatasi ile kwa muda. Ungeitazama kwa mbali ungeona kama msalaba mnene wa wino. Safu ya 0 imejaa majina. Ya 7 imejaa, ya 3 imejaa, ya 4 imejaa. Ya 1 na ya 6 zimejaa pia. Vilivyobaki wazi vilikuwa visanduku 12, na vyote vilikaa pale safu za 2, 5, 8 na 9 zinapokutana zenyewe kwa zenyewe. Wamarekani wanaoujua mchezo huu tangu utotoni hawakuhitaji kuambiwa. Walichagua kama mtu anavyochagua embe sokoni, wakatuachia yaliyobonyea.

Dada mmoja Mkongo, kutoka Uvira, alikuwa amesimama nyuma yangu na noti yake ya dola tano mkononi. Yeye alidhani ni upatu. Alifikiri kila aliyechanga atafikiwa siku yake, na swali lake lilikuwa ni lini tutapokea. Nilimweleza kuwa hapana, hapa wanapokea wanne tu, pengine watatu, na wengine wamechanga basi. Akaniuliza, "Sasa Mwalimu, hivi vilivyobaki ni vibaya?" Nikamwambia ni vibaya. Akauliza ubaya wake uko wapi, maana bei ni ileile dola 5 na kisanduku ni kilekile. Sikuwa na jibu kamili usiku ule. Nilijua tu kwa kusikia kwamba 2 na 5 ni namba za mkosi. Alilipa hata hivyo, kwa sababu hakutaka kuonekana anajitenga na wenzake, akaandika jina lake kwenye kisanduku cha Chiefs 5 na 49ers 2.

Swali lake lilinikaa. Mwalimu akiulizwa "ubaya wake uko wapi" halafu akanyamaza, hajatimiza kazi yake. Basi nikachukua daftari.

Ukitaka kujua tarakimu zinatoka wapi, anza na jinsi pointi zinavyopatikana. Timu ikiufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Baada yake wanapewa nafasi ya kupiga mkwaju wa pointi 1, na kwa kawaida unapita, ndiyo maana watu husema tachidauni ni 7. Badala ya mkwaju wanaweza kujaribu kuingiza mpira tena kwa pointi 2. Wakishindwa kufika eneo la mwisho lakini wako karibu, hupiga mpira kati ya nguzo wapate 3. Na iko njia moja adimu, pointi 2, pale mwenye mpira anapokamatwa au kuupoteza nyuma ndani ya eneo lake mwenyewe.

Kwa hiyo mchezo mzima unajengwa kwa tofali za 7 na za 3. Jaribu kuzipanga. Tofali moja kubwa ni 7. Kubwa na dogo ni 10, tarakimu 0. Mbili kubwa ni 14, tarakimu 4. Mbili kubwa na dogo, 17, umerudi kwenye 7. Mbili kubwa na mbili ndogo, 20, umerudi kwenye 0. Tatu kubwa 21, tatu kubwa na dogo 24. Utaona unazunguka nyumba zilezile: 0, 7, 4, 3, 1. Sasa jaribu kupata 2. Kwa tofali hizo huipati mpaka upige mikwaju minne ya pointi tatu, ufike 12, jambo ambalo timu haifanyi mara nyingi, au ufike mbali kabisa, kama tachidauni sita kamili, 42. Ama sivyo usubiri mkwaju wa ziada ukosekane, au timu ijaribu zile pointi 2, au itokee ile ajali adimu. Kuipata 5 ni vivyo hivyo: 15 ni mikwaju mitano, na njia ya wazi zaidi ni tachidauni tano kamili, 35.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa dada yule mbele ya friji. Lakini mimi siridhiki na maelezo bila hesabu, kwa hiyo niliandika matokeo ya mwisho ya Super Bowl zote, kuanzia ile ya kwanza ya Januari 1967, Green Bay Packers 35, Chiefs 10, na baadaye nikaongeza ya Februari 2025. Ni michezo 59, timu mbili kila mchezo, kwa hiyo tarakimu 118. Kama tarakimu zote zingekuwa na haki sawa, kila moja ingetokea karibu mara 12. Nilichokipata ni hiki: 7 imetokea mara 20. Sifuri mara 16, na 1 mara 16. Nne mara 15, 3 mara 12, 6 mara 10, 9 mara 9. Tano mara 7, 8 mara 7. Na 2, mara 6 tu.

Nilizitazama hizo mara 6 za namba 2 kwa karibu. Pointi zilikuwa 32, 42, 52, 32, 22 na 22. Katika michezo yote 59 hakuna timu iliyomaliza na 2 wala 12. Yaani mwenye safu ya 2 hana cha kutarajia mpaka timu yake ifunge nyingi, zaidi ya 20, tena zifungwe kwa mpangilio usio wa kawaida. Kuanzia Februari 2004, New England Patriots walipowafunga Carolina Panthers 32 kwa 29, hadi Februari 2024, tarakimu 2 haikuonekana hata mara moja mwishoni mwa Super Bowl. Miaka 20 mtu analipa dola zake kwa safu hiyo, na mwisho wa mchezo hapati kitu. Kuhusu 5, mara 4 kati ya zile 7 ilikuwa timu iliyofunga 35, na mbili kati ya hizo nne zilikuwa zile tachidauni tano nilizozitaja.

Sasa zidisha, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Chukua kisanduku cha 7 na 0: 20 mara 16 ni 320. Chukua cha 2 na 5: 6 mara 7 ni 42. Hesabu hii inachukulia kwamba pointi za timu moja haziziathiri za nyingine, jambo ambalo si kweli kabisa, lakini kwa kulinganisha inatosha. Kisanduku cha 7 na 0 kina nafasi zaidi ya mara saba ya kile cha 2 na 5. Kwa zawadi ya mwisho ya dola 200, cha kwanza kinastahili kama dola 4 na senti 60. Cha pili, senti 60. Na wote wawili wamelipa dola 5.

Robo za mwanzo ni mbaya zaidi kwa mwenye namba duni, kwa sababu tofali bado ni chache. Mwisho wa robo ya kwanza mara nyingi timu ina 0, 3 au 7, basi. Super Bowl za 2015, 2017, 2019 na 2024 zote zilimaliza robo ya kwanza bila bila. Mwenye 0 na 0 alikula zawadi hiyo miaka minne ndani ya kumi. (Kisanduku hicho nacho kina ajabu yake: mwisho wa mchezo, katika michezo yote 59, hakijatokea hata mara moja. Kazi yake ni ya mwanzoni tu.) Ndiyo, yapo yasiyotarajiwa. Februari 2014 mpira wa kwanza kabisa wa Denver Broncos ulipita juu ya kichwa cha mchezaji wao Peyton Manning ukaingia katika eneo lao wenyewe, na Seattle Seahawks wakapata pointi 2 sekunde 12 tu tangu kuanza. Wakafika mapumziko wakiongoza 22 kwa 0. Mwenye 2 na 0 mwaka ule alicheka. Lakini hiyo ndiyo ajali adimu niliyosema, na huwezi kumuuzia mtu ajali kwa bei ya kawaida.

Narudi kwenye usiku wa Februari 11, 2024, maana mambo hayakuishia kwenye friji.

Mchezo ulichezwa Las Vegas. Sisi tuliufuata kwenye televisheni ya sebule ya wazee. Robo ya kwanza, 0 kwa 0. Mapumziko, 49ers 10, Chiefs 3. Robo ya tatu, Chiefs 13, 49ers 10. Angalia vizuri: Chiefs 3 na 49ers 0, kisanduku kilekile mara mbili. Muuguzi mmoja wa zamu ya mchana aliyekiwahi Jumatatu asubuhi alichukua dola 200 kabla robo ya nne haijaanza.

Kisha robo ya nne ikaja na jambo ambalo hata mimi, nisiye mshabiki, sitalisahau. 49ers walipata tachidauni, wakapiga mkwaju wa pointi 1, na mkono wa mchezaji wa Chiefs ukaugusa mpira hewani. Haukupita. Badala ya 17 wakawa na 16. Tofali likakosa kipande, na kuanzia hapo tarakimu zote zikaacha njia zake za kawaida. Zikafuata pointi tatu tatu za huku na huku hadi robo ikaisha 19 kwa 19. Ukaingia muda wa nyongeza. 49ers wakapiga mkwaju, wakawa 22. Chiefs wakajibu kwa tachidauni, na kwa kuwa hiyo ilimaliza mchezo palepale hakuna mkwaju wa ziada uliopigwa. 19 na 6 ni 25. Chiefs 25, 49ers 22.

Ilikuwa inakaribia saa 5 usiku. Dada wa Uvira alikuwa ameingia muda huohuo, ameinama kwenye benchi la mlangoni anafunga kamba za viatu vyake vya kazi. Nilimwambia, "Dada, ni 5 na 2." Hakuinuka mara moja. Alimaliza fundo, akavuta kamba zikakaza, ndipo akaniangalia kuona kama natania.

Msinijibu kwamba basi namba duni hushinda. Darasani mwanafunzi akiniletea jibu sahihi alilolipata kwa kubahatisha, nilimpa alama ya jibu, ile ya njia sikumpa. Kisanduku cha 2 na 5 kimeshinda mara 1 katika michezo 59. Kile cha 7 na 4, kwa kulinganisha, mara 5: 1973, 1974, 1992, 2001 na 2008.

Na hata alama ya jibu, dada hakuipata yote. Kwenye karatasi palikuwa pameandikwa "Robo ya 1, Robo ya 2, Robo ya 3, Robo ya 4." Hakuna neno juu ya muda wa nyongeza. Mwenye kisanduku cha 9 na 9, mwanamume wa zamu ya jioni, alisema robo ya nne iliisha 19 kwa 19 kwa hiyo dola 200 ni zake. Na kwa maandishi yale alikuwa na hoja. Dada alisema mchezo umeisha 25 kwa 22, dunia nzima imeona. Naye alikuwa na hoja, tena kwa mazoea ya watu wengi hutumika matokeo ya mwisho kabisa, nyongeza ikiwamo. Mwandaaji alichoka na mabishano akagawa nusu kwa nusu, dola 100 huku na 100 huku. Watu hao wawili walisalimiana tena mwezi wa tano.

Ninachokiomba kwa wenzangu ni mpangilio wa mambo, nacho hakigharimu chochote. Kanuni ziandikwe kwanza, juu ya karatasi, kabla ya senti ya kwanza: zawadi za kila robo ni kiasi gani, na mwisho ni mwisho wa robo ya nne au mwisho wa mchezo pamoja na nyongeza. Kisha watu wanunue visanduku vitupu, visivyo na namba yoyote pembeni. Karatasi ikishajaa yote 100, ndipo namba zivutwe, kwa kura, mbele ya watu wa zamu zaidi ya moja.

Ukifuata mpangilio huo, swali la "kisanduku kipi kizuri" linakufa lenyewe. Namba zikiwa hazijavutwa, kila kisanduku kina nafasi sawa na kingine. Cha kona, cha katikati, cha mwisho kabisa alichoachiwa mtu wa usiku, vyote sawa. Kila kimoja kinastahili dola 5 kamili kwa dola 5 ulizolipa, mradi zawadi zote 500 zinarudi kwa wachangaji na hakuna anayekata chake. Chagua hata umefumba macho. Namba duni zitakuwapo bado, na mtu atapangiwa 2 na 5, lakini atapangiwa na kura. Hatapangiwa kwa sababu zamu yake huanza saa 5 usiku. Wako wanaokwenda mbali zaidi, wanavuta namba upya kila robo, ili mwenye 2 na 5 asikae nazo mchezo mzima. Mimi napenda hivyo pia, ingawa inahitaji mtu makini wa kuandika.

Watu huniambia, "Mwalimu, ni dola tano, acha." Wanasema ni mchezo tu. Lakini nimeona ni nani hupata mabaki kila mwaka. Ni wafua nguo, wasafishaji na wahudumu wa usiku, ambao wengi wao ni wageni, na ambao hawajui kuwa kuna mabaki. Mtu anayejua kwamba kisanduku hiki ni cha senti 60 na bado akakilipia dola 5, huyo ni hiari yake. Asiyejua hana hiari. Na niongeze kwa haraka kwamba sheria za michezo ya pesa hutofautiana jimbo hadi jimbo, na waajiri wengine hawaitaki kabisa ndani ya jengo, kwa hiyo uliza kwanza.

Mwaka 2025 niliomba niandae mimi. Niliandika kanuni tano kwa wino mwekundu juu ya karatasi. Visanduku vilijaa Ijumaa. Jumamosi saa 5 usiku, zamu ya jioni ikitoka na yetu ikiingia, nilikata vipande 10 vya karatasi, nikaandika 0 hadi 9, nikavikunja na kuvitia kwenye boksi tupu la glavu. Nilimwita mpishi avute kwa upande wa Philadelphia Eagles, na msimamizi wa zamu ya mchana, aliyekuwa amebaki kwa ajili hiyo, avute upande wa Chiefs. Kila kipande kilifunguliwa na kuonyeshwa kabla ya kuandikwa. Ilichukua dakika kama sita. Mimi nilipangiwa Eagles 8 na Chiefs 5, na sikuwa na la kusema.

Robo ya kwanza ilikuwa 7 kwa 0. Mapumziko 24 kwa 0. Robo ya tatu 34 kwa 6. Mwisho, Eagles 40, Chiefs 22, kwa hiyo 0 na 2, ile 2 tena, mwaka wa pili mfululizo baada ya kupotea miaka 20. Aliyekuwa na kisanduku hicho ni yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyeshinda mara mbili mwaka uliotangulia. Alipewa dola zake 200 na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu wote tuliona 2 ikitoka kwenye boksi la glavu.

Super Bowl ya 60 ni ya Februari 2026, Santa Clara, California. Wiki iliyopita dada wa Uvira, ambaye sasa anafanya kazi ya pili kwenye ghala moja nje ya mji, alinipigia simu. Karatasi ya huko imeshabandikwa mapema hivi, dola 10 kisanduku. Aliyekuwa akikusanya alimfuata mwanzoni mwa zamu na kalamu. Akamuuliza, "Namba ziko wapi?" Akaambiwa bado, zitavutwa vikijaa. Akauliza na habari ya muda wa nyongeza, akaonyeshwa mstari wake. Ndipo akatoa noti yake ya dola kumi.

Msomaji wako,
Mhudumu wa wazee, zamu ya usiku
Columbus, Ohio